Chumvi, Umeme na Maji Salama: Namna ya Kufundisha Utengenezaji wa Dawa ya Klorini

1. Utangulizi

Somo la Sayansi lina tabia ya kumfuata mtoto hadi nyumbani. Lile alilolitenda mwalimu darasani asubuhi, mwanafunzi aweza kulirudia jikoni kwa mama yake jioni, wala mwalimu hayupo kumwongoza. Kwa sababu hiyo mwalimu wa Sayansi hana budi kujiuliza maswali mawili kila anapoandika andalio la somo. La kwanza: wanafunzi watajifunza nini? La pili: watafanya nini na hilo walilojifunza?

Makala haya yanahusu mada ambayo ndani yake swali la pili lina uzito kuliko la kwanza, nayo ni utengenezaji wa dawa ya klorini kwa kupitisha umeme katika maji ya chumvi. Mada hii yafaa kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, mwalimu akifundisha umeme, maji safi au kinga ya magonjwa. Nitaeleza kwanza kisa kilichonifanya niandike, kisha ujuzi ambao mwalimu apaswa kuwa nao, na mwisho hatua za somo lenyewe.

2. Kisa cha misumari miwili

Miaka michache iliyopita mwanachuo mmoja alikuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule iliyo karibu na ufuko, si mbali na Nansio. Mada yake ilikuwa matumizi ya umeme. Andalio lake lilikuwa safi, nami ndiye niliyelipitia na kulitia sahihi. Alichukua bilauri ya maji ya chumvi, misumari miwili, nyaya na betri za tochi. Alipoviunganisha, mapovu yalitoka na wanafunzi wakashangilia. Akawaeleza kwamba hivyo ndivyo dawa ya kutibu maji inavyotengenezwa. Mwanafunzi mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo haya sasa ni dawa?" Mwalimu akajibu, "Ndiyo, ni dawa." Kengele ikalia, somo likaisha.

Siku nne baadaye nilifika shuleni hapo kukagua. Katika mazungumzo mwanafunzi yule akatuambia kwa furaha kwamba kwao hawachemshi tena maji. Tukaenda naye nyumbani, mimi na mwanachuo wangu. Tulimkuta bibi yake uani, anaanika dagaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Kando ya mtungi palikuwa na chupa yenye maji ya rangi ya kutu. Bibi akaeleza bila wasiwasi wowote, "Mjukuu wangu aliileta dawa ya mwalimu. Natia kidogo kila nichotapo. Kuni zenyewe zimekuwa ghali, na mwalimu akishasema ni dawa, mimi ni nani hata nikatae?"

Ndani ya chupa ile hapakuwa na klorini ya kutumainiwa. Umeme uliopita katika misumari uliila chuma, na kilichotoka ni kutu. Kwa bahati njema hakuna aliyeugua. Hata hivyo, kwa siku nne nyumba ile ilikunywa maji ya ziwa yasiyochemshwa kwa kuwa iliamini neno la mwalimu. Tulimwomba bibi radhi, tukaimwaga chupa mbele yake, tukamsihi arudie kuchemsha.

Kosa la mwanachuo lilikuwa moja, yaani kujibu kabla ya kupima. Makosa yangu yalikuwa mawili. Nililisoma neno "misumari" katika orodha ya zana nikalipita, na sikuuliza maji yale yatakwenda wapi baada ya kipindi. Hatua za somo zilizomo katika makala haya zimetokana na makosa hayo matatu.

3. Kwa nini mada hii ifundishwe kwetu

Huenda mwalimu akauliza: kama mada hii ina hatari, kwa nini tusiiache? Jibu ni kwamba inayahusu maisha ya wanafunzi wetu kwa karibu mno.

Ukerewe ni kisiwa. Maji tunayo pande zote, lakini wingi wa maji si usalama wa maji. Mahali palepale pa ufuko huenda watu wakafua, wakaoga, wakasafisha samaki na kuchota maji ya kunywa. Kipindupindu huenea kwa maji na chakula vilivyochafuliwa kwa kinyesi. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulisambaa katika mikoa mingi ya nchi, Mwanza ukiwamo, na uliendelea hadi mwaka 2018. Mradi wa maji na usafi wa mazingira wa Ziwa Victoria, awamu ya pili, uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, uliuhusisha mji wa Nansio pamoja na Geita na Sengerema. Hata hivyo bomba la mji haliondoi wajibu wa kila nyumba kuyalinda maji yake, hasa kwa wale wachotao ziwani.

Elimu ya namna hii si ngeni nchini. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima wengi katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili magonjwa kama kuhara damu na kichocho, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kampeni ile ilionyesha kwamba mafunzo ya afya hukamilika yanapofika uani kwa mtu. Nasi twataka somo letu lifike uani, ila lifike likiwa sahihi.

Kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi wa visiwani. Dawa ya klorini ya maji hupungua nguvu kadiri inavyokaa, na hupungua upesi zaidi ikikaa penye joto au mwanga. Ile iliyosafiri safari ndefu kwa lori na kivuko, kisha ikakaa dukani miezi mingi, huenda isiwe na nguvu iliyoandikwa kwenye chupa. Chumvi haina tabia hiyo. Ikikaa pakavu itabaki kuwa chumvi mwaka huu na mwaka ujao. Tena chumvi ni bidhaa ya zamani katika nchi yetu. Chemchemi za Uvinza, mkoani Kigoma, zimetoa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Basi mahali penye chumvi, maji na umeme, dawa yaweza kutengenezwa palepale inapohitajika, kwa kiasi kinachohitajika. Umeme wenyewe waweza kutoka katika jua. Kijiji cha Bwisya katika kisiwa cha Ukara, jirani zetu, kilianza kupata umeme wa jua kwa mtandao mdogo mwaka 2016.

Vifaa vya kazi hiyo vipo. Taasisi ya Antenna ya Geneva, Uswisi, iliunda kifaa kiitwacho WATA, ambacho hutumbukizwa katika maji yenye gramu 25 za chumvi kwa kila lita, na kutoa mmumunyo wenye takriban gramu 6 za klorini kwa lita. Kampuni ya MSR ya Seattle, Marekani, ikishirikiana na shirika la PATH, ilitoa mwaka 2015 kifaa kiitwacho SE200. Hiki hutumia betri ya gari ya volti 12, na kwa dakika chache hutengeneza dawa ya kutosha lita 200 za maji. Mwanafunzi anayesoma leo ufukoni Ukerewe huenda kesho akawa mhudumu wa zahanati au mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji, akakabidhiwa kifaa cha namna hiyo. Yafaa akipokee akiwa anajua kinachotendeka ndani yake.

4. Ujuzi ambao mwalimu awe nao

Mwalimu asiingie darasani na ujuzi unaolingana na ule wa mwanafunzi. Haya yafuatayo si ya kuandikwa yote ubaoni, bali ni ya kumpa mwalimu uhakika.

Chumvi ya mezani ni muungano wa sodiamu na klorini. Ikiyeyuka majini hugawanyika kuwa chembe zenye chaji ya umeme, ziitwazo ayoni: ayoni chanya za sodiamu na ayoni hasi za kloraidi. Tukitumbukiza elektrodi mbili na kuziunganisha na betri, ayoni za kloraidi huvutwa kwenye elektrodi chanya, yaani anodi. Hapo hupoteza elektroni na kuwa klorini. Kwenye elektrodi hasi, yaani kathodi, maji hupokea elektroni na kutoa gesi ya haidrojeni, na nyuma yake hubaki ayoni za haidroksaidi ambazo huyafanya maji yawe na tabia ya alikali. Klorini ikikutana na alikali hiyo ndani ya chombo kimoja hufanya haipokloriti ya sodiamu, ambayo ndiyo dawa yenyewe. Kwa ufupi:

NaCl + H2O + umeme → NaOCl + H2

Yaani chumvi na maji, kwa nguvu ya umeme, hutoa haipokloriti na haidrojeni. Hiyo ndiyo dawa iliyomo katika chupa za Jik na WaterGuard, ila kwa nguvu tofauti. Ikiingia katika maji ya kunywa, sehemu yake hugeuka kuwa asidi ya haipoklorasi, nayo hupenya ganda la bakteria na kuharibu kilichomo ndani.

Mambo manne yafuatayo ndiyo mwanachuo yampasa ayashike barabara.

(a) Elektrodi ndizo zinazoamua kitakachotokea. Anodi ikiwa ya chuma au shaba, metali hiyo huliwa kabla ya kloraidi kuguswa. Chuma hutoa kutu, na shaba hutoa tope lenye sumu. Vifaa vya kweli hutumia titani iliyopakwa oksaidi za metali kama rutheni na iridi, ambayo hailiwi kwa urahisi. Kaboni hutoa klorini, lakini yenyewe humomonyoka polepole.

(b) Kiasi cha klorini hufuata kiasi cha umeme. Kanuni hii ilitolewa na Michael Faraday mwaka 1834. Mkondo wa ampea 1 ukipita kwa saa 1 hutoa klorini isiyozidi gramu 1.3. Basi kupata gramu 6 kunahitaji si chini ya ampea-saa 4.5, na kwa kweli zaidi ya hapo, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea. Kwa hesabu hii mwanafunzi ataona kwamba betri za tochi zaweza kuonyesha kanuni, lakini haziwezi kukihudumia kijiji.

(c) Dawa hufanya kazi kwa kipimo na kwa muda. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba baada ya dakika 30 maji yawe bado na klorini isiyopungua miligramu 0.5 kwa lita. Kiasi hicho kinachobaki ndicho ushahidi kwamba dawa ilitosha. Maji yenye tope huimaliza dawa kabla haijafika kwa vijidudu, kwa hiyo yatulizwe na kuchujwa kwanza.

(d) Klorini haitibu kila kitu. Viko vimelea, kama kriptosporidiamu, vinavyoistahimili. Aidha dawa ya mtungini haimlindi mtoto na kichocho anapooga ziwani. Mwalimu asiahidi zaidi ya kile ambacho dawa inaweza.

5. Andalio la somo

Darasa: madarasa ya juu ya shule ya msingi. Muda: vipindi viwili vinavyofuatana, dakika 80.

Madhumuni. Baada ya somo mwanafunzi aweze: (i) kueleza kwa maneno yake kwamba umeme waweza kuibadili chumvi iliyo majini kuwa dawa, (ii) kubainisha kwa jaribio bilauri yenye klorini na isiyo nayo, (iii) kukokotoa kipimo cha dawa kwa dumu la maji, (iv) kueleza kwa nini maji ya majaribio hayanywewi.

Zana. Bilauri tatu za kioo zilizoandikwa A, B na C, maji safi, chumvi ya mezani, kijiko cha chai, betri nane za tochi, nne kwa kila bilauri itakayopitishiwa umeme, nyaya, penseli mbili zilizochongwa ncha zote mbili, misumari miwili, vipande vya karatasi nyeupe vilivyochovywa katika rangi nyekundu ya chakula iliyopunguzwa kwa maji na kukaushwa, na ikipatikana, karatasi au vidonge vya kupimia klorini kutoka zahanati. Mwalimu afanye jaribio zima peke yake siku moja kabla. Jaribio ambalo halijafanywa na mwalimu lisiletwe mbele ya darasa.

Ndugu mwanachuo utaona kwamba nimeirudisha misumari. Nimefanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu kosa lililokwisha kutokea ni zana njema ya kufundishia likiwekwa pahali pake.

6. Hatua za somo

Hatua ya kwanza: Maswali ya kuamsha (dakika 10). Mwalimu aulize: Nyumbani kwenu mwachota maji wapi? Huyafanyia nini kabla ya kuyanywa? Maji maangavu ni salama? Asikanushe majibu mapema. Ayaandike ubaoni upande mmoja, na yabaki hapo hadi mwisho wa somo.

Hatua ya pili: Maandalizi (dakika 15). Somo lifanyike nje, chini ya mti, au kando ya madirisha yaliyo wazi. Katika kila bilauri patiwe maji kiasi cha mililita 200 na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, yapata gramu 5. Wanafunzi wapige hesabu: gramu 5 katika mililita 200 ni sawa na gramu ngapi katika lita 1? Watapata 25, yaani kiasi kilekile kitumikacho katika kifaa cha WATA. Bilauri A iachwe ilivyo. Katika B zitumbukizwe penseli mbili zisizogusana, na katika C misumari miwili isiyogusana. Waya zifungwe kwenye ncha za juu. Mwalimu mwenyewe, si mwanafunzi, ndiye aunganishe betri.

Hatua ya tatu: Kutazama na kutabiri (dakika 20). Wakati umeme unapita, wanafunzi waandike wanayoyaona. Katika A hakuna kitu. Katika B mapovu mengi hutoka kwenye penseli moja, na machache kwenye ya pili, na maji hubaki karibu maangavu. Katika C mapovu hutoka, kisha maji hubadilika rangi na kuwa machafu. Ndipo mwalimu aulize: "Katika bilauri hizi tatu, ni ipi yenye dawa?" Kila mmoja aandike jibu lake kabla ya kusikia la mwenzake.

Nimelifanya somo hili mara kadhaa, na kila mara wengi wamechagua C. Sababu yao ni nzuri: mle ndimo palipotokea mabadiliko makubwa, na dawa nyingi wazijuazo zina rangi. Hapa mwalimu asicheke wala asisahihishe. Husemwa kwamba mwenye macho haambiwi tazama, lakini leo darasa litajifunza kwamba yako mambo ambayo macho peke yake hayayafikii.

Hatua ya nne: Kupima (dakika 15). Betri zifunguliwe. Kwa kijiko safi kwa kila bilauri, mwalimu adondoshe matone machache juu ya vipande vitatu vya karatasi nyekundu. Baada ya dakika chache tone la B litaifanya rangi ipauke. Tone la A litalowesha tu, na la C litaacha doa la kutu. Ikiwa kuna karatasi za kupimia klorini, nazo zitumike. Wanafunzi walinganishe matokeo na utabiri wao.

Hatua ya tano: Mazungumzo (dakika 10). Mwalimu aeleze kwa lugha nyepesi kwamba umeme umeibadili chumvi ya B kuwa dawa, na kwamba katika C umeme umekila chuma. Ndipo aulize swali lile la mwanafunzi wa ufukoni: "Basi maji ya B ni dawa ya kunywea?" Awaache wajadiliane. Jibu watakalofikia, kwa msaada wake, ni hapana, na sababu ni mbili. Kwanza, kupauka kwa karatasi kumetuonyesha kwamba klorini imo, hakukutuonyesha ni kiasi gani. Pili, penseli si kaboni tupu. Ina udongo na vitu vingine, nasi hatujui vilivyoingia majini.

Hatua ya sita: Kumwaga (dakika 10, pamoja na kusafisha). Bilauri zote zimwagwe katika shimo mbele ya wanafunzi wote, zioshwe, na mikono inawiwe kwa sabuni. Hatua hii ni sehemu ya somo, haiachwi kwa ajili ya muda.

7. Hesabu za kipimo

Kipindi kinachofuata, hata kama ni cha Hisabati, kitumike kuonyesha jinsi dawa ya kweli inavyopimwa. Mfano:

Mhudumu wa zahanati ana mmumunyo uliotengenezwa kwa kifaa maalumu na kupimwa kuwa na gramu 6 za klorini kwa lita. Ametia kijiko kimoja cha chai, mililita 5, katika dumu la lita 20. Je, kila lita imepata kiasi gani?

Gramu 6 kwa lita ni miligramu 6 kwa mililita. Mililita 5 zina miligramu 30. Miligramu 30 zikigawanywa kwa lita 20 hutoa miligramu 1.5 kwa lita. Kwa kiwango hicho lita 1 ya mmumunyo hutosha lita 4,000 za maji, yaani madumu 200.

Kisha mwalimu abadili swali: Mmumunyo uleule umekaa juani, nguvu yake imepungua hadi gramu 2 kwa lita, na mhudumu hakuupima tena. Kijiko kilekile sasa kinatoa nini? Jibu ni miligramu 0.5 tu kwa lita tangu mwanzo. Maji yenye uchafu kidogo yataimaliza klorini hiyo, na baada ya dakika 30 hapatabaki ushahidi wowote. Kijiko ni kilekile, dumu ni lilelile, na mkono ni uleule, ila usalama umetoweka. Hesabu hii fupi hueleza umuhimu wa kupima kuliko hotuba ndefu.

Wanafunzi waelezwe pia kwamba mmumunyo wa nguvu kama huo una kazi nyingine zahanati, kama kusafisha sakafu na vyombo, na kwamba nguvu ifaayo sakafu haifai kinywa.

8. Tahadhari

Mwalimu azingatie haya bila kusamehe hata moja:

(a) Haidrojeni huwaka. Pasiwe na moto, sigara wala jiko karibu.

(b) Klorini ni gesi ya sumu. Jaribio liwe dogo, lifanyike penye hewa, na mtu asiinamie bilauri kunusa.

(c) Umeme wa ukutani usitumike kamwe. Betri za tochi zatosha.

(d) Dawa ya klorini isichanganywe na siki, ndimu, asidi ya betri, dawa ya choo au mkojo. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayoweza kudhuru mapafu.

(e) Betri zisipasuliwe kutafuta kaboni ya ndani. Baadhi zina kemikali zinazounguza ngozi.

(f) Dawa iliyotengenezwa kwa kifaa cha kweli ihifadhiwe katika chombo kisichopitisha mwanga, chenye mfuniko na maandishi, mbali na watoto, kwa muda ulioelekezwa na watengenezaji.

(g) Wanafunzi waambiwe wazi kwamba hawaruhusiwi kulirudia jaribio nyumbani. Nyumbani kwao njia ni kuchemsha, au kutumia dawa iliyothibitishwa kwa kufuata maelekezo yake.

9. Upimaji wa somo

Maswali yafuatayo yaweza kutumika:

1. Kwa nini tuliiacha bilauri A bila umeme?
2. Bilauri C ilikuwa na mapovu na rangi. Kwa nini haikuwa na dawa?
3. Karatasi imepauka. Jambo gani tunalijua, na jambo gani bado hatulijui?
4. Mmumunyo una gramu 4 za klorini kwa lita. Ukitia mililita 10 katika ndoo ya lita 20, kila lita itapata miligramu ngapi?
5. Jirani amekuletea chupa na kusema, "Hii ni dawa ya maji, mwanangu kaitengeneza shuleni." Utamjibu nini kwa heshima?

Swali la tano ndilo kipimo cha somo lote. Mwanafunzi aliyepata manne ya kwanza na kushindwa la tano bado hajafundishwa. Katika shule moja msichana aliandika hivi: "Nitamwambia, shikamoo mama, asante, lakini tuchemshe kwanza, halafu tumuulize mwalimu kama ilipimwa." Jibu hilo lina adabu na lina sayansi, nami sikuwa na la kuongeza.

10. Hitimisho

Ndugu mwanachuo, utakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha utagundua kwamba wazazi wengi wa kijijini hawabishani na neno la mwalimu. Heshima hiyo waliijenga waliokutangulia, nawe unaipokea ungali mgeni katika kazi. Bibi wa ufukoni hakukosea kumwamini mwalimu wa mjukuu wake. Ni sisi tuliompa neno ambalo halijapimwa.

Basi mwanafunzi akikuuliza, "Mwalimu, haya sasa ni dawa?", usione haya kumjibu, "Hapana. Haya ni maji ya majaribio. Dawa ni ile iliyotengenezwa kwa kifaa chake na kupimwa." Kisha mkabidhi bilauri, mwende pamoja hadi shimoni, mkaimwage kabla kengele haijalia.